Mdogo wangu ananitazama machoni, lakini maelezo yake hayakamatani

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mtoto wa kwanza kati ya watoto watatu. Baba yetu alifariki tukiwa bado wadogo, na tangu nilipopata kazi mimi ndiye ninayemlipia ada kitinda mimba wetu aliyeko chuoni. Ana miaka 24. Kwa hesabu ya kawaida alitakiwa kuhitimu mwaka jana.

Mwaka jana mahafali yalipokaribia alisema hatakuwemo, alama za somo moja hazijaingizwa. Nikakubali, mambo kama hayo hutokea. Mwaka huu anasema msimamizi wa utafiti wake amesafiri na hakuna wa kusaini kazi yake. Nikimuuliza zaidi ananijibu kwa maelezo marefu mpaka nasahau nilichouliza. Zamani alikuwa ananitajia wenzake kwa majina, fulani kafanya hivi, fulani kasema vile. Siku hizi ni "watu wa darasani" tu.

Nimeangalia video nyingi mtandaoni za namna ya kumjua mwongo. Wanasema hakutazami machoni, anajigusa pua, anapepesa macho, anachezesha miguu. Basi nikampigia simu ya video makusudi nimchunguze. Mshauri, alinitazama usoni muda wote! Sauti yake haikutetereka hata kidogo. Nikajilaumu kwa kumshuku mtoto wa mama yangu. Lakini nilipomuuliza ndugu yetu wa katikati kama anajua lolote, aliinamisha kichwa, akababaika, akaanza kujikuna shingo. Sasa namwona yeye ndiye mwenye siri, labda hata pesa wanagawana. Tangu siku ile hatuzungumzi vizuri.

Kuna mambo mengine madogo. Muhula uliopita kitinda mimba wetu aliomba ada niitume kwake badala ya akaunti ya chuo, akisema mfumo wa malipo unasumbua. Na aliponitumia picha ya ratiba ya mitihani, sehemu ya juu inayoonyesha mwaka wa masomo ilikuwa imekatwa, na iliandikwa Jumatatu tarehe 9 wakati kwenye kalenda tarehe 9 ya mwezi ule ilikuwa Jumanne. Pengine ni makosa ya waliochapa.

Rafiki yangu ananishauri nimtege. Nimpigie na kumwambia kwamba nimeshazungumza na ofisi ya msajili, najua kila kitu, aseme mwenyewe kabla sijamwambia mama. Sijazungumza na ofisi yoyote, lakini anasema mwongo hukamatwa kwa uongo.

Mama ana shinikizo la damu. Kila wiki anauliza mtoto anahitimu lini, maana ameshaanza kuwaambia watu. Nimemwambia kila kitu kiko sawa na mahafali ni mwisho wa mwaka. Sikuwa na la kumwambia.

Nitajuaje kwa hakika kama ananidanganya? Nimtege? Na mama nimwambie nini?

Dada Mkubwa

*

Dada Mkubwa,

Marahaba, mwanangu. Barua yako ina mambo mawili yenye uzito kuliko mengine yote, na umeyaweka chini ya kichwa cha "mambo mengine madogo". Macho, pua na shingo umeyapa aya nzima. Ada kubadilishiwa njia na tarehe isiyolingana na kalenda umeyapitia mbio, kisha ukamtafutia mdogo wako udhuru kwa kusema labda ni makosa ya waliochapa. Tugeuze mpangilio huo.

Simlaumu yeyote anayetafuta uongo usoni, karibu dunia nzima inafanya hivyo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, watu wa nchi 58 waliulizwa wanamtambuaje mtu anayesema uongo, na jibu lililoongoza lilikuwa hilohilo la video zako: hatazami machoni. Tatizo ni kwamba si kweli. Mwanasaikolojia wa Marekani Bella DePaulo na wenzake walichapisha mwaka 2003 uchambuzi wa alama 158 zinazodhaniwa kumfichua mwongo. Nyingi zilikuwa na uhusiano hafifu mno na uongo, au hazikuwa nao kabisa. Kukwepesha macho kulikuwa miongoni mwa hizo zisizosaidia. Miaka mitatu baadaye, yeye na Charles Bond walijumlisha tafiti zilizohusisha waamuzi zaidi ya 24,000 waliotakiwa kusema nani anadanganya na nani anasema kweli kwa kuangalia na kusikiliza tu. Walipatia mara 54 katika kila 100. Kurusha sarafu kungewapa 50. Na wale waliokuwa wanadanganya kweli, waliwatambua kwa asilimia 47 tu.

Kwa hiyo simu yako ya video haikukuonyesha kwamba mdogo wako ni mkweli, wala haikukuonyesha kwamba ni mwongo. Ilikuonyesha kijana anayejua kwamba dada yake anamchunguza. Mtu aliyerudia maelezo yaleyale mara nyingi huyasema kwa utulivu. Isitoshe, uongo unaorudiwa huacha kuuma. Mwaka 2016 watafiti wa London, wakiwemo Neil Garrett na Tali Sharot, waliwaweka watu kwenye mashine ya kupima shughuli za ubongo huku wakiwapa nafasi ya kudanganya kwa faida yao. Udanganyifu ulikua kidogo kidogo, na sehemu ya ubongo inayohusika na hisia ikawa inaitikia kwa nguvu ndogo zaidi kila uongo uliporudiwa. Kama mdogo wako anadanganya, uongo huu si wa jana. Ameuzoea. Ndiyo maana napenda ulizungumze jambo hili mwezi huu, usisubiri mahafali mengine yapite.

Sasa ndugu yenu wa katikati. Umemhukumu kwa shingo aliyoikuna. Fikiria alivyoulizwa: dada mkubwa, aliyebeba familia tangu baba aondoke, anamwuliza ghafla kama anajua jambo baya kuhusu mdogo wao. Nani asingebabaika? Hofu ya kutoaminiwa inafanana sana na hofu ya kukamatwa. Mtu mwaminifu anayeogopa kushutumiwa anatoka jasho lilelile. Labda anajua kitu na anaona si chake kukisema. Labda hajui lolote na aliumia kuona unamshuku. Mpigie kabla hujazungumza na mwingine yeyote, umwombe radhi, na usitumie simu hiyo kumchimba habari za mdogo wenu. Hilo la kugawana pesa hulifahamu. Hakuna hata neno moja kwenye barua yako linalolionyesha, na dhana ya namna hiyo ikikaa ndani ya nyumba hung'ang'ania hata baada ya mhusika kuonekana hana hatia.

Basi uongo hugundulika vipi, kama uso hausemi? Mwaka 2002 mtafiti Timothy Levine na wenzake waliwauliza watu kuhusu uongo waliowahi kuugundua maishani mwao. Ni wachache mno waliougundua palepale kwa kumwangalia msemaji. Wengi waliujua baadaye: mtu wa tatu alisema, karatasi ikaonekana, maelezo yakagongana na jambo lililokwisha kujulikana, au mwenyewe akakiri. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Mimi naona mara nyingi ni ndefu, na hufika mwisho pale tu mtu mmoja anapoacha kuangalia uso na kuanza kuangalia kalenda. Wewe umeshaiangalia.

Turudi basi kwenye ratiba ile. Siku za juma zinahama kila mwaka: tarehe iliyoangukia Jumatatu mwaka mmoja, mwaka unaofuata huwa Jumanne, au Jumatano ikiwa tarehe 29 Februari imepita katikati. Ratiba inayosema Jumatatu kwa tarehe iliyokuwa Jumanne ina dalili zote za kuwa ratiba ya mwaka uliotangulia, na kipande kilichokatwa ndicho hasa kingeonyesha hivyo. Inawezekana bado ni kosa la uchapaji. Lakini ukiweka hilo pamoja na ada iliyobadilishiwa njia muhula uleule, una sababu ya haki ya kuuliza. Sisemi una sababu ya kuhukumu. Hujui kama ameacha masomo, kama alifeli akashindwa kusema, kama alisimamishwa, kama aliugua, au kama pesa ilikwenda kwenye jambo lingine kabisa. Hayo ni mambo tofauti sana, na kila moja linataka dada wa namna yake.

Kuhusu mtego wa rafiki yako, usiuguse. Kwanza ni uongo. Utakuwa unamdai mtu ukweli huku mkononi umeshika jambo la kubuni, na siku akigundua kwamba hukuzungumza na ofisi yoyote, mazungumzo yote yatageuka kuwa juu ya uongo wako. Pili, mtego wa namna hiyo hauleti ukweli unaoweza kuutegemea. Mwaka 1996 wanasaikolojia Saul Kassin na Katherine Kiechel waliwapa wanafunzi kazi ya kuchapa kwenye kompyuta, wakawaonya wasiguse kitufe fulani. Kompyuta ikazima kama ilivyopangwa, wanafunzi wakashutumiwa. Hakuna aliyekigusa kitufe kile. Hata hivyo asilimia 69 walisaini karatasi ya kukiri kosa, na pale shahidi wa kupangwa alipodai kuwaona, kukiri kuliongezeka. Mtu akiambiwa kwamba ushahidi upo tayari, anaweza kusema lolote ili shinikizo liishe. Au atakubali kile kidogo anachodhani umekijua, abaki na kikubwa.

Ipo njia ya kitaalamu isiyo na uongo, na nitakueleza ili ujue kwa nini siipendi kwenu. Nchini Sweden, mwanasaikolojia Maria Hartwig na wenzake waliwafundisha wanafunzi wa upolisi wasionyeshe ushahidi mapema. Mshukiwa aachwe aeleze yote, aulizwe kwa utulivu maswali yanayogusa ushahidi ule bila yeye kujua kwamba upo, kisha ndipo uwekwe mezani. Waliofundishwa walipatia kiasi cha asilimia 85, wasiofundishwa asilimia 56. Inafanya kazi kwa sababu inamwacha mwongo ajifunge mwenyewe. Kwa mpelelezi hilo ndilo lengo. Wewe unataka nini? Ukimwacha mdogo wako aeleze kwa dakika ishirini jinsi mtihani wa Jumatatu ulivyokuwa mgumu, kisha umtolee kalenda, utakuwa umemkamata, na pia utakuwa umemfanya aongeze uongo mpya mbele yako ambao atauonea aibu maisha yake yote. Kila uongo anaouongeza unamfanya awe na mengi zaidi ya kuyakana ili arudi kwenye ukweli. Kwenu nyinyi, mtangulie. Weka ulichonacho mezani kabla hajafungua mdomo.

Zungumzeni ana kwa ana, mkiwa wawili, si kwa simu wala mbele ya mama. Maneno ni yako, ila yawe na umbo kama hili:

"Mdogo wangu, ratiba uliyonitumia ina tarehe zisizolingana na mwaka huu, na ada ya muhula uliopita haikupitia chuoni. Sijamuuliza mtu yeyote chuoni. Sijui kilichotokea na sitaki kubahatisha. Kama masomo yamekwama, au yameisha, nitaumia, lakini nitaendelea kuwa dada yako, na tutatafuta cha kufanya. Sitakuuliza maswali kumi. Niambie tu mambo yalipofikia."

Halafu unyamaze. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Kimya kikirefuka wanakijaza wenyewe: "au ulifeli? au ni marafiki?" na kijana anachagua jibu jepesi kati ya yale aliyowekewa. Usimchagulie. Akianza kulia, mwache alie. Akikasirika, usipandishe sauti, rudia sentensi moja tu: "Nataka kujua mambo yalipofikia." Na yale uliyomwahidi yawe ya kweli. Kama unajua kwamba hutalipa tena hata akieleza, usimwambie kwamba hakuna kitakachobadilika. Mwambie pesa mtaizungumza siku nyingine, na iwe hivyo kweli.

Akishikilia kwamba yuko sawa, usibishane. Mwombe jambo moja linaloweza kuonekana kwa macho: afungue akaunti yake ya mwanafunzi mkiwa pamoja, muone matokeo na usajili wa muhula huu. Afanye yeye kwa mkono wake. Usimzunguke kwenda chuoni, maana vyuo vingi havitoi taarifa za mwanafunzi mtu mzima bila ridhaa yake, na hata wangezitoa, ungeupata ukweli ukampoteza yeye. Akikataa, mwambie wazi kwamba kuanzia sasa ada italipwa kwenye akaunti ya chuo peke yake, kwa stakabadhi ya chuo. Huo si adhabu. Ni utaratibu ambao ungefaa uwepo tangu mwanzo, na mwanafunzi aliyesajiliwa hadhuriki nao kwa lolote.

Jambo moja naomba ulichukulie kwa uzito wote. Kijana anayeficha kwamba masomo yamevunjika, huku mama akiwaambia watu habari za mahafali, anaweza kuwa amebeba aibu iliyomzidi nguvu. Akisema hana sababu ya kuendelea, au ukimwona amejitenga, halali usiku, hali chakula, muulize moja kwa moja kama amewahi kufikiria kujidhuru. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Jibu likiwa ndiyo, usimwache peke yake, na siku hiyohiyo mfikishe kwa daktari. Ada na ratiba zitasubiri.

Sasa mama. Umesema hukuwa na la kumwambia, lakini ulilokuwa nalo lilitosha: "Mama, sijui bado, nafuatilia." Kutomwambia mtu jambo ambalo hujalithibitisha ni busara. Kumwambia kwamba kila kitu kiko sawa, wakati unajua hakiko sawa, ni kumdanganya, hata kama sababu ni huruma. Umemfanyia mama lilelile unalohofia mdogo wako amekufanyia wewe, na nina hakika sababu zenu hazipishani sana. Yeye pia, kama anadanganya, pengine alianza kwa kutotaka kumuumiza mtu. Kumbuka hilo utakapoketi naye. Litailainisha sauti yako.

Kwa hiyo mrudie mama wiki hii. Mwambie: "Nilikuambia mahafali ni mwisho wa mwaka. Nilisema bila kuwa na hakika. Kuna mambo ya masomo hayajakaa sawa, nayafuatilia, na nikijua nitakuambia." Usitaje tarehe wala tuhuma. Shinikizo la damu ni sababu ya kuchagua saa na namna ya kusema, halikupi ruhusa ya kumjengea ukumbi wa sherehe isiyokuwepo. Kila wiki anayoendelea kuwaalika watu, habari hiyo itazidi kuwa nzito siku itakapomfikia.

Na tafadhali usimwone mama kama mjinga kwa kumwamini mwanawe. Kuamini tunachoambiwa ndiyo hali yetu ya kawaida, na mara nyingi hutufaa, kwa sababu sehemu kubwa ya tunayoambiwa ni kweli. Katika uchunguzi wa watu wazima 1,000 nchini Marekani uliochapishwa mwaka 2010, karibu asilimia 60 walisema hawakudanganya hata mara moja katika saa 24 zilizopita, na nusu ya uongo wote ulitoka kwa kiasi cha asilimia 5 ya watu. Familia inayomshuku kila mtu ili imnase mmoja hulipa gharama kubwa kuliko ile ya kudanganywa mara moja moja. Wewe mwenyewe umeanza kuilipa kwa ndugu yenu wa katikati.

Ukweli wote ukijulikana, mama ausikie kwa mdogo wenu. Mpe wiki moja, umwambie tangu mwanzo kwamba ni wiki moja, na ujitolee kukaa naye wakati anasema. Wiki ikipita bila yeye kusema, mwambie mama wewe, na mdogo wako ajue unakwenda kusema nini kabla hujakwenda. Lakini anza na ile simu ya kwanza, ya kumwomba radhi ndugu yenu wa katikati. Hiyo unaweza kuipiga leo.